Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya, Tanzania: Mgonjwa atibiwe upungufu wa damu kabla ya upasuaji

Mheshimiwa Waziri,

Mimi ni muuguzi wa chumba cha upasuaji katika hospitali ya wilaya. Nakuandikia kwa ajili ya wanawake wenye uvimbe kwenye kizazi, ingawa haya yanamhusu kila anayepangiwa upasuaji usio wa dharura.

Mama mwenye uvimbe huu mara nyingi hutokwa na damu nyingi kila hedhi. Anapewa tarehe, anarudi nyumbani kusubiri miezi miwili au mitatu, na kila mwezi anazidi kupungukiwa. Wekundu wa damu, yaani kiwango cha damu mwilini (hemoglobini), unakuja kupimwa jioni ya kuamkia upasuaji. Unakutwa 7, yaani damu imepungua sana. Hapo ndipo ndugu wanapigiwa simu, waje watu wawili wachangie. Wasipopatikana, tarehe inasogezwa, naye anarudishwa nyumbani akiendelea kutokwa damu.

Inaniuma, kwa sababu miezi ile ilitosha kabisa kumtibu. Kipimo ni tone la damu ya kidoleni. Vidonge vya madini chuma ni vya bei nafuu, ila huchukua wiki kadhaa kufanya kazi. Ambaye vidonge vinamsumbua tumbo, au siku zimemkaribia, ipo chuma ya kuwekewa kwenye mshipa. Kwetu ni nadra kuipata.

Jimbo la Australia Magharibi lilianza mwaka 2008 utaratibu wa namna hii, wa kutibu upungufu wa damu mapema ili mgonjwa asihitaji kuongezewa damu. Katika hospitali zake kubwa nne walifuatiliwa wagonjwa zaidi ya 600,000: damu ya kuongezewa iliyotumika kwa kila aliyelazwa ilishuka kwa asilimia 41, na vifo navyo vikapungua. Sisi tunaohangaika na friji tupu za damu tunauhitaji utaratibu huu zaidi yao.

Ipo pia asidi ya traneksamiki, sindano inayopunguza kuvuja damu. Utafiti wa mwaka 2017 kwa wanawake zaidi ya 20,000 waliotokwa damu baada ya kujifungua ulionyesha kwamba ikitolewa ndani ya saa 3 inaokoa maisha. Isikosekane kwenye kabati la chumba chochote cha upasuaji.

Wachangia damu tutawahitaji daima, majeruhi wa ajali hana miezi ya kusubiri. Ninachoomba ni waraka wako kwa Waganga Wakuu wa Mikoa: mgonjwa asiandikiwe tarehe ya upasuaji kabla wekundu wa damu haujapimwa, na aliyepungukiwa aanze dawa siku hiyohiyo, kabla hajatoka getini.

Wako katika kazi,
Muuguzi, Kanda ya Ziwa