Risala ya Wanafunzi wa Uhandisi wa Ujenzi kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Maonyesho ya Kazi za Wanafunzi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Idara, walimu wetu, wageni waalikwa na wanafunzi wenzetu,

Tunakushukuru kwa kukubali mwaliko wetu. Risala hii ina jambo moja: matumizi ya programu za kompyuta za uchanganuzi wa miundo, yaani za kukokotoa nguvu zilizomo ndani ya jengo, kama SAP2000, ETABS na STAAD.Pro, katika masomo yetu.

Mheshimiwa, kuchora fremu kwenye kompyuta na kupata majibu huchukua dakika chache. Kazi ni kujua kama majibu hayo ni ya jengo lililokusudiwa. Tuchukue boriti ya zege yenye urefu wa mita 6, upana milimita 300 na kina milimita 500, inayobeba mzigo wa kilonyutoni 20 kwa kila mita. Ikikalia maegemeo (sehemu zinazoishikilia) yanayoiachia ncha zizunguke, momenti ya katikati, yaani kani ya kuipinda, ni kilonyutoni-mita 90. Mwanafunzi akichagua maegemeo yaliyofungwa kabisa, katikati hubaki 30 tu, na 60 huhamia kwenye kila ncha. Programu hailalamiki, kwa sababu hesabu zote mbili ni sahihi. Ila nondo za chini zilizopangwa kwa 30 haziwezi kubeba 90.

Kosa jingine ni la vipimo. Moduli ya unyumbufu ya zege hilo, yaani kipimo cha ugumu wake dhidi ya kunepa, tuseme ni megapaskali 30,000, yaani kilonyutoni milioni 30 kwa mita ya mraba. Anayeandika 30,000 huku programu ikisoma kilonyutoni na mita, hupata mnepo (kushuka kwa katikati ya boriti) wa mita 3.6 badala ya milimita 3.6. Momenti haibadiliki hata kidogo, hivyo anayetazama momenti peke yake hagundui kitu. Hata mchoro wa boriti iliyonepa haumsaidii, kwani programu hurekebisha kipimo chake ili uonekane vizuri. Lazima asome namba.

Uzito wa boriti yenyewe, kilonyutoni 3.75 kwa mita, nao huhesabiwa mara mbili pale mtu anapouongeza kwa mkono bila kujua kwamba SAP2000 imekwisha kuuweka kwenye mzigo wa kudumu.

Madhara yake si ya darasani tu. Tarehe 23 Agosti 1991, msingi wa zege wa jukwaa la mafuta na gesi la Sleipner A ulizama huko Norwei. Uchunguzi ulionyesha kwamba elementi za modeli ya kompyuta, yaani vipande ambavyo muundo hugawanywa ili ukokotolewe, zilikuwa kubwa mno mahali kuta zilipokutana, na mkazo wa mkato (unaoelekea kuukata ukuta) ukakadiriwa pungufu kwa asilimia 47.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, tunaomba kila mradi wa kompyuta uambatane na ukurasa wa hesabu za mkono: jumla ya mizigo ilinganishwe na jumla ya nguvu za maegemeo, na momenti ya boriti moja ihakikiwe. Ukurasa huo upewe alama zake. Tunaomba pia leseni za kutosha maabara, ili kila mwanafunzi ajenge modeli yake. Sasa mmoja hubofya na wengine hutazama. Na kwa kuwa wewe ni mhandisi, tunakuomba utupatie michoro ya jengo lililokwisha kujengwa pamoja na hesabu zake, tulinganishe modeli zetu nalo.

Tunaomba kuwasilisha.