Kiwewe cha askari na wazimamoto kitibiwe bila kupitia meza ya mkubwa wa kazi

Mhariri,

Kila mara askari wa polisi anapojiua, au anapompiga mwenzake risasi kwa bunduki ya serikali, taarifa inayotolewa huwa ile ile: rambirambi kwa familia, uchunguzi umeanza, na maafisa wanahimizwa kutafuta ushauri nasaha. Naomba nafasi katika safu yako niulize wautafute wapi, na kwa masharti gani. Nilikuwa muuguzi kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na kwa nilivyoona mimi, askari wetu na wafanyakazi wa miji yetu hawakatai kutibiwa. Kinachowashinda ni kwamba njia ya kuyafikia matibabu inapitia mezani pa mtu yule yule anayeamua nani apandishwe cheo na nani ahamishwe.

Ndugu yangu alikuwa mzimamoto katika mojawapo ya miji ya nchi hii. Mji wenyewe sitautaja. Usiku mmoja yeye na wenzake walitoa miili ya watoto katika nyumba za mabati zilizoungua, na tangu siku hiyo akawa analala kitini karibu na mlango, viatu miguuni. Stovu ya mafuta ya taa ikiwashwa alitoka nje hata kama mvua ilikuwa inanyesha. Nilimshawishi amwone daktari wa akili, akakubali, akaandikiwa siku 14 za kupumzika. Karatasi aliyopewa ilikuwa na mahali pa kuandika ugonjwa, na ugonjwa ukaandikwa. Karani wa masijala akaipokea, akaipiga muhuri, ikapanda kwa msimamizi wa zamu, ikashuka tena kuwekwa kwenye faili. Aliporudi kazini alikuta amekwisha kubatizwa jina la Mathari, hospitali ya wagonjwa wa akili iliyoko Nairobi. Hakumwona tena daktari yule, wala mwingine.

(Hospitali ya Mathari, iliyoanza mwaka 1910 kama mahali pa kuwatenga wagonjwa wa ndui, imewarudisha watu wengi nyumbani wakiwa wazima. Sisi wenyewe ndio tuliolifanya jina lake kuwa tusi.)

Tukitaja kiwewe cha kazini, fikra hukimbilia kwa polisi kwa sababu polisi ana bunduki na madhara yake huonekana upesi. Lakini katika kila mkasa wa jiji kuna watu wengine pale pale: wazimamoto, madereva na wahudumu wa ambulensi, wahudumu wa chumba cha maiti wanaoosha miili isiyotambulika, na wale wanaozika maiti zisizo na wenyewe katika makaburi ya Lang'ata. Mwaka 2019 vijana waliokuwa wakisafisha Mto Nairobi waliopoa miili ya watoto wachanga majini. Tuliwaona kwenye runinga siku chache, kisha tukaendelea na mengine. Katiba ya 2010 iliipa serikali ya kitaifa polisi, na kaunti ikapewa zimamoto, ambulensi na makaburi. Kwa hiyo watu wawili wanaweza kuushika mwili mmoja, mmoja kichwani na mwingine miguuni, na bado kila mmoja akategemea bajeti tofauti, sera tofauti na mkubwa tofauti. Jopokazi lililoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu David Maraga, lililowasilisha ripoti yake mwaka 2023, lilitazama hali ya polisi, magereza na Huduma ya Vijana kwa Taifa. Lilifanya vyema. Mzimamoto wa kaunti hakuwemo katika majukumu yake.

Hatuwezi kusema kwamba hatukuonywa. Tarehe 7 Agosti 1998 bomu lililipuliwa katika ubalozi wa Marekani jijini Nairobi na kuua watu zaidi ya 200. Jumba la Ufundi, lililokuwa jirani na ubalozi, liliporomoka, na kwa siku kadhaa waokoaji walichimba vifusi wakizungumza na mwanamke aliyenaswa chini, hadi sauti yake ikanyamaza kabla hawajamfikia. Fedha za wafadhili zilileta ushauri nasaha kwa waathiriwa, nao ukaendelea mradi fedha zilikuwepo. Miaka mitatu baadaye, Septemba 2001, New York ilipatwa na mkasa wake. Sheria iliyotiwa sahihi huko Januari 2011 ikaanzisha mpango wa kuwatibu waokoaji, wakiwemo polisi, wazimamoto na waliosafisha vifusi, na magonjwa ya akili yatokanayo na kiwewe yakahesabiwa sawasawa na ya mapafu. Mwaka 2015 mpango huo uliongezewa muda hadi mwaka 2090, yaani hadi kijana wa mwisho aliyebeba kifusi awe amekwisha kuzeeka na kufa. Najua Marekani ina fedha ambazo sisi hatuna. Ninachokitazama hapa ni muda: wenzetu walikubali kwamba jeraha la aina hii halimaliziki pamoja na mwaka wa bajeti.

Sheria yetu ya Fidia ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007 inaeleza kwa asilimia thamani ya kidole, mkono na jicho vilivyopotea kazini. Mtu aliyerudi na viungo vyote lakini usingizi umemtoroka, ni vigumu kujiona katika jedwali lile. Shirika la Kazi Duniani liliingiza msongo unaofuata kiwewe katika orodha yake ya magonjwa ya kikazi mwaka 2010, kwa hiyo kiolezo kipo. Kinachotakiwa ni waziri na wabunge walio tayari kukitumia.

Kuhusu matibabu yenyewe, kuna kosa ambalo nimeliona likirudiwa kwa nia njema. Mkasa ukitokea, hema hujengwa, washauri huja, wafanyakazi huketi duara na kila mmoja husimulia alichokiona, kisha hema hufungwa. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2013 kwamba kikao cha namna hiyo kisitumike kuwa kinga ya kiwewe, kwa kuwa hakizuii ugonjwa. Kinachosaidia ni kumfuatilia mtu kwa wiki na miezi, na yule ambaye jinamizi halimwachi apewe vikao kadhaa vya tiba ya mazungumzo na mtu aliyefunzwa, pamoja na dawa pale inapobidi. Wala asituambie mtu kwamba wataalamu ni wachache mno. Ni wachache kweli, lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2017, uliowahusisha wanawake 421 wa mitaa ya pembezoni mwa Nairobi ambao wengi wao walikuwa wamepitia ukatili, ulionyesha kwamba wahudumu wa afya ya jamii waliopewa mafunzo na kusimamiwa vizuri waliweza kuwapunguzia dhiki kwa vikao 5 tu. Kituo cha zimamoto hakishindwi kuwa na watu wawili wa namna hiyo.

Wasomaji wengi, hasa tangu maandamano ya Juni 2024, ambapo polisi waliwaua waandamanaji kwa risasi, watauliza kwa nini tumhurumie polisi. Sina haraka ya kuwalaumu, kwa maana wapo wazazi ambao hadi leo wanadai haki ya watoto wao. Kumtibu askari hakumwondolei kesi. Aliyeua ashtakiwe, na kiwewe kisiwe kichaka cha kujificha. Hata hivyo, raia anayekutana usiku na mtu mwenye bunduki, ambaye hajalala siku tatu na anaogopa kumwambia yeyote, hana faida yoyote katika kimya cha mtu huyo.

Na kimya kilikuwa na sababu. Hadi Januari 2025, Mahakama Kuu ilipotamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kinapingana na Katiba, mtu aliyejaribu kujiua alikabiliwa na kifungo cha hadi miaka miwili. Askari aliyekuwa akiwakamata wengine kwa kosa hilo alijua vyema asiseme nini mbele ya daktari. Sababu ya pili bado ipo: ukisema huna usingizi, bunduki huchukuliwa, na pamoja nayo huenda posho, kazi unayoipenda na heshima kwa wenzako. Bunduki na ichukuliwe, hilo silipingi hata kidogo, ila mshahara na cheo vibaki mahali pake na irudishwe kwa kauli ya daktari, si ya kamanda.

Marekebisho ya sheria ya fidia yatachukua muda, na bajeti ya kaunti ina foleni yake. Wakati tukisubiri, kuna jambo moja ambalo Inspekta Jenerali wa polisi na kila katibu wa kaunti wanaweza kulifanya wiki hii: karatasi ya mapumziko imwambie mwajiri idadi ya siku na jina la hospitali, na jina la ugonjwa libaki katika faili ya daktari. Hilo halihitaji Bunge. Linahitaji waraka wa ukurasa mmoja.

Muuguzi mstaafu,
Nakuru