Risala ya Klabu ya Kemia kwa Mgeni Rasmi: Shanga Zinazojisuka

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwalimu Mkuu, walimu wetu, wazazi na wanafunzi wenzetu, shikamooni.

Mama yetu, karibu Bombo. Foleni ya Kawempe tunaijua, na kwamba umeivumilia asubuhi yote kuja kutusikiliza tunakushukuru kwa moyo mkunjufu.

Miaka iliyopita klabu yetu ilitengeneza sabuni ya maji, na wazazi waliinunua. Mwaka huu hatuna cha kuuza. Tumeshughulika na jambo moja tu: namna wanakemia wanavyobuni vitu vipya kwa kutunga peptidi, yaani minyororo mifupi ya asidi amino, vile vipande vinavyojenga protini. Wanaandika kwanza mpangilio wa vipande, kisha wanakiacha kitu kijijenge chenyewe kwa kuufuata mpangilio huo.

Tulianzia jikoni. Mama mmoja anayepika karibu na lango la shule alitupa bakuli la molokoni, supu ya miguu ya ng'ombe, jioni. Asubuhi tukakuta supu imeganda. Ukiinamisha bakuli haimwagiki, ukiigusa kwa kijiko inatikisika. Tukaipasha moto, ikawa supu. Ikapoa, ikaganda tena, na hakuna aliyeongeza kitu. Mguu wa ng'ombe umejaa kolajeni, yaani protini ya minyororo mitatu iliyosokotwa pamoja kama kamba. Moto huifumua, na ikipoa sehemu zake husokotana upya na kuyanasa maji katikati. Tuliyeyusha kijiko kimoja cha ile supu, tukatia hidroksidi ya sodiamu, kisha matone ya salfeti ya shaba. Ikageuka zambarau. Asidi amino zikiwa moja moja hazileti rangi hiyo. Ni vile vifungo vinavyoziunganisha ndivyo huileta. Mheshimiwa, wengi wetu tulikuwa tumeikariri sentensi hiyo kwa ajili ya mtihani. Siku ile tuliiona.

Kisha tukaingia kwenye kutunga. Asidi amino za kawaida ni 20. Ukitaka utungo wa vipande 10 tu, njia za kuupanga ni zaidi ya trilioni 10. Mtu atajuaje achague upi?

Jibu tulilipata kwenye shanga za karatasi, zile ambazo kina mama wa Kampala huzikunja na kuzipaka vanishi. Tulikunja waya laini uwe kona kona, tukaweka ushanga kila kona: mwekundu, mweupe, mweusi, mweupe, na kurudia hivyo mara nne hadi zikatimia 16. Nyekundu ni arjinini, yenye chaji chanya. Nyeusi ni asidi aspatiki, yenye chaji hasi. Nyeupe ni alanini, ambayo hukwepa maji kama mafuta. Ukiutazama waya huo kwa ubavu, nyekundu na nyeusi zote ziko juu na nyeupe zote ziko chini. Mwenzetu mmoja wa Senior 3 aliongeza kwa bahati mbaya ushanga mweupe mmoja baada ya ule wa nne. Kuanzia hapo kila kitu kikapinduka, nyeupe zikapanda juu na za rangi zikashuka. Hatukumwambia aurekebishe. Waya wake uko mezani pale, kwa sababu ndio uliotufundisha kuliko mingine yote: kosa la ushanga mmoja linageuza umbo zima.

Utungo huo wa shanga 16 si wa kwetu. Unaitwa RADA16, na chanzo chake ni jambo ambalo halikutarajiwa. Mwaka 1990, huko chuo kikuu cha MIT nchini Marekani, Shuguang Zhang alikuwa akichunguza protini ya hamira. Alitengeneza kipande chake kimoja cha asidi amino 16, akakitia kwenye maji yenye chumvi, naye akaona utando unaoonekana kwa macho. Matokeo yalichapishwa mwaka 1993. RADA16 ilifuata baadaye. Ndani ya maji, nyuso zake nyeupe hulaliana, chanya hushikana na hasi, nyuzi nyembamba mno hujisuka kuwa wavu, na wavu hunasa maji mpaka yawe jeli. Leo jeli hiyo hutumika katika upasuaji kuzuia damu. Huganda ikikutana na damu, na kwa kuwa ni angavu, daktari huendelea kuona anachokifanya.

Kutunga kwenyewe maabarani kuna kazi. Bruce Merrifield ndiye aliyetoa njia mwaka 1963: asidi amino ya kwanza hufungwa kwenye chembe ya plastiki, nyingine huongezwa moja moja, na kila mara uchafu huoshwa huku mnyororo ukibaki umeshikiliwa. Mwaka 1984 alipata Tuzo ya Nobel. Lakini tulipiga hesabu. Kama kila hatua inafaulu kwa asilimia 99, mnyororo wa vipande 50 utatoka mzima kwa asilimia 61 tu. Hesabu hiyo ilitunyamazisha kidogo.

Samuel Stupp, mwanakemia mzaliwa wa Costa Rica, nchi ya kahawa kama yetu na ndogo kuliko yetu, alitangaza mwaka 2021 pamoja na wenzake kwamba panya waliopooza kwa jeraha la uti wa mgongo walitembea tena ndani ya wiki nne baada ya sindano moja ya nyuzi za peptidi. Ni panya, bado si binadamu. Lakini ndani ya klabu hii wapo ambao ndugu zao walianguka na boda boda na hawajasimama tangu hapo, nasi hatuwezi kuisoma habari hiyo na kufunga kitabu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tuna upungufu. Chupa ya salfeti ya shaba tuliyoitumia ilikuwa ya mwisho. Kompyuta tunaipata saa moja kwa wiki, ilhali AlphaFold, programu ya kutabiri maumbo ya protini iliyowapatia Demis Hassabis na John Jumper Nobel ya mwaka 2024, iko wazi bila malipo kwa yeyote mwenye intaneti. Tunaomba utusaidie tupate kompyuta moja ya klabu. Tunaomba pia, wewe unayefundisha kemia chuo kikuu, utupokee siku moja maabarani kwako tuone namna peptidi inavyopimwa.

La mwisho ni la lugha. Tangu serikali ilipoamua mwaka 2022 kwamba Kiswahili kiwe somo la lazima, tumekuwa tukiandika daftari la maneno ya kemia. Tumebishana wiki mbili juu ya kitendo cha peptidi kujijenga: wengine wanasema kujipanga, wengine kujisuka. Tutafurahi kusikia lipi litakukaa mdomoni.

Tunakukabidhi zawadi ya nyaya mbili za shanga 16. Ukizilaza sambamba, nyekundu itatazamana na nyekundu. Usogeze mmoja shanga mbili, uone.

Ahsante sana.

Imesomwa na Katibu, kwa niaba ya wanachama wote.