Chapeo imekwisha, sahibu

Mombasa, Mji wa Kale
Jumapili usiku

Sahibu yangu,

Salamu nyingi sana, na za kwenu pia. Bimkubwa nilimpitia juzi, hajambo, mguu umepungua kuuma, na amenituma nikwambie ukipiga simu uache kuuliza habari za mguu. Haya, la kwake nimelifikisha.

Sasa langu. Ile kofia ya chuma uliyoicheka, nilipokutumia picha ya bonge la udongo ukaniuliza kama nimeanza kilimo cha maboga, imekwisha. Iko hapa juu ya meza naiona ninapokuandikia. Uliniuliza, "Kofia moja, miezi mitatu?" Ndiyo, kofia moja. Na kwa kuwa wewe ndiye uliyenifunza kubandika magazeti kwa uji wa ngano siku zile za vinyago vya shule, nakupa habari yote, maana najua bila hivyo hutakubali.

Chanzo ni mchezo wetu wa jukwaani wa kuzingirwa kwa Ngome ya Yesu hapa Mombasa, Waomani walipowazingira Wareno, ile miaka ya 1696 hadi 1698. Mwongozaji alitaka Wareno wote wavae zile kofia zenye upanga juu kama wa jogoo na ukingo uliopinda mbele na nyuma kama ngalawa. Morioni ndilo jina lake. Nikamwambia, bwana, hizo ni za wakati Ngome inaanza kujengwa, 1593. Kufika 1696 askari wa Ulaya walikuwa wameshaziacha zamani, wanavaa kofia za kitambaa kama watu wengine. Akaniuliza, "Na watazamaji watamjuaje Mreno?" Tulivutana wiki nzima, mpaka chai ikawa hainyweki. Mwisho tukapatana hivi: kofia moja tu, kuukuu, ya babu wa babu, iliyosahauliwa ghalani. Wareno wanapokwisha kufa kwa maradhi mle ndani, mmoja wa watu wa Bwana Daud wa Faza, ule mji wa kisiwa cha Pate, anaiokota na kuivaa. Maana watu wa Faza walikuwemo ndani ya Ngome wakiilinda, jambo ambalo nusu ya mji huu hawalijui na nusu nyingine hawapendi kulisikia.

Kwa hiyo kazi yangu ikawa mbili: kwanza kofia mpya, safi, ya bwana mkubwa, halafu miaka mia ya hewa ya Mombasa juu yake.

Nilianza na kichwa. Mwigizaji wetu nilimpima kwa uzi, sentimita 58. Nikajenga umbo la udongo la 60, nikajisifu kwamba nimemwachia nafasi. Wiki mbili nachonga, naremba, ndipo nikakumbuka sponji ya ndani. Hesabu ya darasa la saba, sahibu, nami nimeisahau: ukizungushia kichwa unene wa sentimita moja tu, mzunguko hauongezeki moja wala mbili, unaongezeka sita na ushei. Tia na unene wa faiba, zile nyuzi za kioo zinazogandishwa kwa rezini ndizo mwili wa kofia, milimita tatu, hizo nyingine karibu mbili. Udongo ulitakiwa uwe wa 66. Nikakaa nikautazama. Kisha nikauvika udongo mpya unene wa kidole, mapambo yote ya mwanzo yakazikwa humo humo. Pengine ilikuwa kheri, maana yalikuwa mabaya.

Nitakwambia ubaya wake. Zile kofia za kweli hazikuchongwa kwa patasi. Fundi alipaka chuma nta, akachora juu ya nta kwa ncha kali, kisha akamwagia tindikali ikala pale palipochorwa. Kwa hiyo mchoro ni wa juu juu, ukipitisha kidole unauhisi kwa shida. Mimi nilikuwa nimechimba majani na maua utadhani ni keki ya harusi. Safari ya pili nilichukua shazia ya kushonea magunia, nikachora kwa mkono mwepesi, udongo ukiwa umekauka kiasi cha kutoshika kucha. Mistari miwili kando, katikati majani yanayofuatana, na waridi moja kila upande. Hilo waridi nililinakili kwenye mlango wa jirani yetu wa mtaa wa pili, unaujua. Mwongozaji hajagundua, nawe usiseme.

Ukingo ndio ulionitoa jasho. Kwenye kofia za kweli mdomo umekunjwa na kupigwa tupa mpaka unafanana na kamba iliyosokotwa. Nilijaribu kubandika kamba ya katani yenyewe, nikaona nywele zimesimama kote kama ndevu za siku tatu. Nikabandua. Nikasokota udongo mwembamba kama tambi, nikauzungusha, nikaukata mshazari kwa ukingo wa rula, mkato baada ya mkato. Mikato 212. Nilihesabu kwa sababu hakukuwa na jambo jingine la kufanya na akili.

Na pande mbili zilingane! Ukikaa na kitu siku tatu jicho linazoea kosa, kilichopinda unakiona kimenyooka. Dawa yake nimeipata kwa kinyozi: niliazima kioo chake, nikaitazama kofia humo badala ya kuitazama yenyewe. Mara moja nikaona upande wa kushoto umelegea kama shavu la mwenye jino. Kila jioni nikawa napitisha kioo kabla ya kufunika udongo kwa kitambaa kibichi. Siku niliyosahau kufunika ndiyo siku niliyokwenda Lamu mazikoni. Niliporudi, upanga ulikuwa na ufa ungeweza kutumbukiza shilingi.

Kalibu nilitengeneza kwa plasta, vipande viwili, vinaachana juu ya upanga, kwa sababu kwa ukingo ule uliopinda kipande kimoja kingeng'ang'ania milele. Aliyenisaidia ni fundi wa dari za jipsamu. Wao huchanganya plasta na nyuzi za katani ili isivunjike, nami sikuwahi kulifikiria hilo, na katani tunayo tele. Ndani tukapaka vanishi, kisha polishi ya sakafu, tukapangusa, tukapaka tena, mara tano.

Halafu faiba. Sahibu, usicheze na rezini saa nane mchana Mombasa. Nilimimina hadena, ile dawa ya kuigandisha, kwa jicho, kama mama anavyotia chumvi. Sikumaliza hata kupaka nusu ya kwanza, kopo likaanza kuchemka lenyewe, moshi ukatoka, nikalirusha kwenye ndoo ya mchanga. Jirani wa juu akauliza kama nachoma mzoga. Kesho yake nilianza mara tu baada ya sala ya alfajiri, juu ya paa kwenye upepo, barakoa na glavu, hadena nikaipima kwa bomba la sindano. Tabaka tatu. Ilikubali.

Nilipofungua kalibu nilitamani ungekuwapo. Ile sauti ya plasta ikiachia, *kwaa*, kisha kofia ikatoka rangi ya uji wa maziwa, na majani yangu yote yapo, na mikato 212 ipo, na mshono mbaya umepita juu ya upanga kama kovu.

Kupiga msasa sitakusimulia sana, kwa sababu hakusimuliki. Pati ya magari, msasa namba 80, 120, 240, kisha 400 na maji. Unadhani umemaliza, unapuliza praima, vishimo vipya vinatokea ambavyo naapa havikuwapo. Fundi wa gereji anayenyoosha bodi za magari alinionyesha nizime taa, niwashe tochi ya simu, niilaze ubavuni mwa kofia, mwanga upite sambamba na uso wake. Bonde lolote linajitangaza. Nilikaa gizani hivyo usiku tisa, na mke wangu akaanza kuniita bundi.

Rangi sasa. Ile ya fedha ya kwenye kopo la kupuliza ni balaa, inafanya kila kitu kionekane sufuria. Nikapuliza nyeusi ya kung'aa. Ilipokauka nikachukua penseli laini, namba 6B, nikasaga risasi yake kwenye msasa mpaka nikapata unga kijiko kizima, nikausugulia kwa kitambaa cha pamba, polepole, kwa duara. Nyeusi ikageuka chuma mbele ya macho yangu. Chuma kabisa, kijivu chenye baridi ndani yake, na michoro ikabaki myeusi kama ilivyo kwenye zile za kweli. Kiunoni nikazungushia misumari ya makochi, ile yenye kichwa cha mviringo, mahali ambapo wao walipiga ribiti za kushika kitambaa cha ndani.

Kwa siku mbili nikawa na kofia mpya. Nilikuwa naivaa nikipika chai. Ikaniuma kuiharibu, nisikufiche.

Lakini kabla ya kugusa nilikwenda Ngomeni, nikapita kwenye mizinga, nikatazama kutu tu. Asubuhi nzima. Askari wa mlangoni akanifuata akadhani nimepoteza kitu. Kutu haiendi popote inapotaka, sahibu. Inaanza pale maji yanapokaa: chini ya ribiti, kwenye kona, kwenye mkunjo, kisha inateremka kufuata njia ya maji. Juu palipo wazi panaota madoa madogo tu. Na palipozoea kushikwa na mkono hapana kutu kabisa, panang'aa. Nikarudi nikajiuliza: mtu anavua kofia hii kwa kushika wapi? Anashika ncha ya mbele. Basi ncha ya mbele sikuigusa, nikaizidisha kung'aa. Ndani ya ukingo, kuzunguka misumari, na chini ya upanga, huko ndiko nilikoweka miaka mia.

Na ni kutu ya kweli, si rangi. Nilikwenda kwa fundi wa kuchomelea madirisha, nikafunga sumaku ndani ya mfuko wa plastiki, nikaipitisha kwenye vumbi chini ya grainda yake. Chuma kinashika, mchanga wa jiwe unabaki. Ukigeuza mfuko na kutoa sumaku, unga wa chuma unadondoka wenyewe, mweusi, laini. Nikapaka gundi nyeupe pale nilipotaka, nikanyunyiza, nikaacha ikauke, kisha nikapuliza siki na maji ya bahari niliyoteka kwenye ngazi za Bandari ya Kale. Nililala. Asubuhi ilikuwa ya rangi ya chungwa, kufika Ijumaa ikawa kahawia. Hapo nawe nikutume: ukipita chini ya zile ngome za Jalali na Mirani, nitazamie chuma chochote cha zamani kinavyoota kutu huko Maskati. Wareno walifukuzwa huko 1650, mapema kuliko hapa, na hewa yenu ni ya chumvi vile vile lakini kavu. Piga picha ya karibu, usipige machweo.

Kuna atakayesema faiba ni udanganyifu. Mwambie walinzi wa Papa kule Vatikani, wale Waswisi wa sare za mistari, nao huvaa morioni, na tangu 2019 wana za plastiki zilizochapwa kwa printa kwa sababu zile za chuma zilikuwa zikiwachoma juani. Na sisi wenyewe neno chapeo tumelitoa wapi, kama si kwa Wareno hao hao? Walikaa Ngomeni miaka mia na ushei wakatuachia meza, leso, mvinyo na gereza.

Tatizo limebaki moja, na sijalipatia dawa. Kwenye mazoezi ya juzi mwigizaji alitakiwa aitupe kofia sakafuni kwa hasira. Imetua, *ko*. Kama beseni. Watu wote ukumbini wakacheka, hata mwongozaji. Jicho nimelidanganya, sikio limekataa. Mmoja kasema tumweke mtoto nyuma ya pazia apige kifuniko cha sufuria, lakini mtoto anachelewa, inaanguka kwanza kisha inalia. Mimi nataka asiitupe, aiweke chini taratibu kama mtu anayeweka maiti, mwongozaji hataki. Tumeanza tena kuvutana, na chai imeanza tena kutonyweka.

Kalibu bado nzima, iko chini ya kitanda. Nasikia una likizo Desemba. Chukua uzi, uupitishe juu ya nyusi, juu ya masikio, nyuma pale kwenye nundu, usikaze, kisha unipe sentimita. Kalibu haibadiliki lakini sponji naweza kuipunguza, na kichwa chako tunakijua. Na usiniongezee chochote cha tahadhari, hesabu ya unene nitaifanya mwenyewe safari hii.

Nduguyo,
yule bundi wa mtaani kwenu