Barua ya wazi kwa kaka yangu anayerudi Berlin

Kaka, shikamoo.

Nimesikia kwa mama mdogo kwamba mnakuja Juni, wewe na wifi na kitinda mimba wenu. Nimefurahi, ingawa habari za wageni wangu nimezipata kwa watu. Nakuandikia hapa kwa sababu kwenye simu huwa unanikatisha, na kwenye kundi la familia ujumbe ukiwa mrefu kidogo unajibu kwa kidole gumba na kuendelea na mambo yako.

Nianze na mambo ya njiani, maana najua wifi atasoma hata kama wewe hutasoma.

Wifi, uwanja wa ndege uko ukanda C. Usafiri wa Berlin umegawanywa kanda tatu: A ni ndani ya reli ya mzunguko, B inafika mpaka wa mji, C ni nje ya hapo. Tiketi ya AB inatosha karibu matembezi yenu yote, ila siku ya kutua, siku ya kuondoka, na mkienda Potsdam, nunueni ya ABC. Stesheni iko chini ya jengo la uwanja lenyewe, mnashuka tu na mizigo yenu. Pandeni treni ya mikoa badala ya S-Bahn, ile treni ya mjini. Tiketi ni ileile na inawahi zaidi kufika katikati ya mji. Mtoto akiwa hajatimiza miaka 6 halipiwi. Tiketi ya safari moja ina saa mbili, unabadilisha treni, basi na tramu upendavyo, lakini ni ya kwenda tu. Huwezi kugeuza nayo ukarudi ulikotoka.

Mkinunua kwenye mashine, igongeni kwenye kisanduku kilicho palepale jukwaani kabla ya kupanda. Isiyogongwa ni sawa na kutokuwa nayo, na faini ni yuro 60. Mgeni na mwenyeji wote wanalipa.

Kaka, najua hapo unacheka. Safari yako iliyopita, siku ile ya kwanza ulipoona hakuna geti wala mlinzi uliniuliza, "Kwa hiyo ni bure?" Nikakueleza kwamba kuna wakaguzi wanaovaa nguo za kawaida, wanaingia kama abiria wengine, milango ikishafungwa ndipo wanatoa vitambulisho. Ukasema nakutisha ili uone najua mji. Ni kweli hukukamatwa. Hukukamatwa kwa sababu tiketi zako zote nilizigonga mimi. Hilo kwenye harusi hukulisimulia.

Haya, harusi. Mshehereshaji alikupa kipaza sauti uwaase maharusi. Ukawaasa kwa sentensi moja, kisha ukageukia kunisema mimi: "Dada yenu wa Ulaya alinizungusha chini ya ardhi kama fuko." Ukumbi mzima ukacheka. Video ilinifikia usiku huohuo, na nimeitazama hadi mwisho. Mama naye anacheka, amejiziba mdomo kwa ncha ya kanga. Simlaumu mama. Wewe ukisimulia jambo, hata aliyefiwa atacheka, na mimi mwenyewe tangu utoto ndiye niliyekucheka kuliko wote.

Kwa hiyo si harusi ninayoishikilia. Ninachoshikilia ni siku tuliyotoka kumwona mjusi.

Hukuwahi kukaa kimya vile. Tuliingia jumba la makumbusho la Invalidenstraße ukiwa bado unalalamika kwamba umesimama njia nzima, kisha ukainua shingo. Mita 13 za mifupa ya dinosaria kutoka Tendaguru, kwetu Lindi, kwa babu. Ukaniuliza kwa sauti ndogo, "Waliibebaje?" Nikakuambia, kwa vichwa na mabega, kwa miguu hadi bandarini, kati ya mwaka 1909 na 1913, zaidi ya tani 200. Nikakuambia habari za Boheti bin Amrani aliyewasimamia wachimbaji, ambaye mwaka 2007 wanasayansi walimpa mjusi mwingine wa Tendaguru jina lake. Ukalirudia jina hilo, Boheti, Boheti, ukasema babu angelijua. Siku hiyo nilikupenda sana, kaka. Nilijisemea, sasa ameelewa kwa nini nilimleta mahali hapa kwa mwendo huu.

Tukatoka, ukauliza teksi ziko wapi.

Tulipanda U6, treni ya chini ya ardhi, palepale stesheni ya Naturkundemuseum. Nilikuwa nakueleza kwamba tangu ukuta ulipojengwa mwaka 1961 hadi mwaka 1990, stesheni ile tuliyopandia ilikuwa imefungwa. Treni za upande wa magharibi zilikuwa zikikatiza chini ya Berlin Mashariki bila kusimama, taa hafifu, askari wa mpaka wakilinda jukwaa lisilo na abiria, mpaka zifike Friedrichstraße ambako zilisimama. Nilitaka usikie mwenyewe jinsi umbali ule ulivyo mfupi, na watu walivyokatwa. Sijamaliza, akaingia yule mzee. Simtaji, unamjua, na mwanawe ulisoma naye. Mkashikana mikono, mkaulizana habari za nyumbani. Mkono wako mmoja umeshika bomba la njano, saa mpya inametameta. Kisha, bila kuulizwa, ukasema:

"Gari la huyu liko gereji, ndiyo maana unatuona tunajikongoja hivi."

Gari gani, kaka?

Mzee akanitazama. Mimi nikatazama ramani iliyo juu ya mlango, kana kwamba sijui ninaposhukia. Akacheka kidogo, akasema yeye toka afike nchi hii hajawahi kuwa na gari, yuko kwenye treni miaka yote, na akapapasa mfuko wa koti ilipo tiketi yake ya mwezi. Ulikuwa unamwomba radhi mtu aliyekuwa amepanda treni ileile! Wewe hata hukuona. Ukaendelea kumweleza foleni za Mwenge.

Sikukukanusha kwa sababu wewe ni mkubwa wangu na mbele za watu mkubwa hakanushwi. Ila tangu siku hiyo kila nikipita stesheni ile nasikia sentensi yako.

Sasa nisikilize na mimi. Leseni ya kwetu hapa inatumika miezi 6 tangu uhamie, baada ya hapo lazima ufanye mtihani wa kuandika na wa barabarani, na gharama zake si ndogo. Halafu ununue gari lenyewe, bima, kodi, na kuzungukia mtaa usiku ukitafuta pa kuegesha. Nimewahi kuwa na hela kama hiyo. Mara moja. Iko juu ya kichwa cha mama, yale mabati ya rangi ya maziwa uliyoyasifia ukasema fundi amejitahidi. Fundi alijitahidi, ndiyo.

Na hata ningekuwa nayo tena nisingenunua gari. Tangu Mei 2023 kuna tiketi ya mwezi inayokupandisha treni za kawaida, mabasi na tramu Ujerumani nzima. Ilianza kwa yuro 49, imepanda tangu hapo, na bado sijutii hata senti. (Wasomaji wengine mnaokuja kutembea: ni ya kujiandikisha na inajirudia kila mwezi, msisahau kuisitisha, na kwenye zile treni za mwendo kasi za ICE haikubaliki.) Ijumaa na Jumamosi treni za chini ya ardhi zinakesha, siku nyingine usiku kuna mabasi yenye herufi N. Natoka zamu usiku wa manane na nafika nyumbani. Sijui umaskini gani huo.

Wewe SGR ilipoanza mwaka 2024 uliipanda kwenda Dodoma ukajaza kundi la familia picha: kiti, dirisha, chai, kiti tena. Sote tulikupongeza, mimi nikiwa wa kwanza. Treni ya umeme ikiwa ya kwetu ni maendeleo, nikiipanda mimi ni aibu ya ukoo?

Wifi, narudi kwako. Kaeni ghorofa ya juu ya basi namba 100, viti vya mbele kabisa, kutoka Zoo hadi Alexanderplatz. Linapita mnara wa ushindi, ikulu ya rais, bunge na Unter den Linden, kwa tiketi ileile ya kawaida. Lilianza mwaka 1990 kuunganisha pande mbili za mji, na kwa mtalii mwenye macho linashinda yale mabasi ya gharama yenye vipaza sauti vya masikioni. Kaka yangu huyu, yaani mumeo, alikaa pale mbele akasahau kulalamika. Muulize picha zake zote nzuri zilipigwa wapi. Milango mingi haifunguki yenyewe, bonyezeni kitufe. Mtoto akichoka, mpandisheni treni ya S41 mkae tu: inazunguka mji kwa mkono wa kulia kama kilomita 37, na baada ya saa moja mko mlipoanzia. S42 ni kwa mkono wa kushoto. Hapo hakuna wa kupotea.

Na kuna mahali ambapo kaka hakufika, kwa sababu baada ya habari ya gereji sikuwa na hamu ya kumtembeza. Ni U6 hiyohiyo, mnashuka Afrikanische Straße. Hapo kuna barabara iliyoitwa kwa heshima ya Carl Peters, yule mkoloni wa Kijerumani tuliyesoma ukatili wake shuleni. Mwaka 2024 ilibadilishwa, kipande kimoja sasa kinaitwa Maji-Maji-Allee. Ninyi nitawapeleka, na kaka akitaka kuja aje, tiketi yake nitaigonga mimi kama kawaida.

Teksi ziko nje ya uwanja, kaka, na sitakuzuia. Lakini kabla hujapanda ndege mpigie yule mzee, namba yake unayo, umwambie dada yako hajawahi kuwa na gari.