Mafuta ya tumboni na goti la dada yangu

Mhariri,

Gazeti lako nalisoma tangu nikiwa nafundisha, na sijapata kukuandikia hata mara moja. Lakini habari yenu ya Jumapili, kwamba magoti sasa yanaponywa kwa seli shina (seli changa ziwezazo kugeuka kuwa seli za aina nyingine) zinazotolewa kwenye mafuta ya mgonjwa mwenyewe, imenikosesha usingizi. Mwandishi wenu kamhoji mwenye kliniki peke yake.

Dada yangu anaishi Bweni, ng'ambo ya mto Pangani. Ana miaka 68, goti la kulia limesagika, na hata kushuka kwenye pantoni ni mpaka ashikwe mkono. Mwaka juzi aliambiwa maneno hayo hayo mliyoyachapa. Akauza minazi aliyoachiwa na marehemu mumewe, akalipa shilingi milioni sita. Wakamfyonza mafuta ya tumboni, wakayazungusha kwenye mashine, wakamchoma sindano gotini siku ile ile na kumwambia gegedu, ile tabaka laini inayokinga ncha za mifupa ya goti, litaota upya. Halikuota. Alipata nafuu kidogo miezi mitatu, wa nne akaurudia mkongojo wake, na tulipopiga simu tukaambiwa tulete pesa ya sindano ya pili! Mwandishi wenu angeuliza pembeni angejua kwamba mwaka 2023 jarida la Nature Medicine lilitoa utafiti wa Marekani uliohusisha wagonjwa wa magoti zaidi ya 400. Baada ya mwaka mzima, waliochomwa seli, zikiwemo za mafuta yao wenyewe, hawakuwazidi nafuu waliochomwa sindano ya kawaida ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe na maumivu. Angejua pia kwamba mwaka 2017 madaktari wa huko huko walieleza habari za wanawake watatu walioharibikiwa macho vibaya baada ya kuchomwa machoni seli za namna hiyo kwenye kliniki ya Florida. Sisemi watafiti waache kutafiti. Nasema kilicho bado kwenye majaribio msikiandike kama tiba iliyokwisha kuthibitika, maana wapo watu wanaouza mashamba kwa kuwaamini ninyi.

Dada alihitaji mazoezi ya misuli ya paja na kupunguza mwili. Kilo moja ikipungua, goti hupunguziwa mzigo wa kama kilo nne kwa kila hatua. Tukampeleka hospitali moja hapa Tanga. Chumba cha mazoezi ya viungo kiko ghorofani, ngazi 22, nimezihesabu, na lifti hakuna. Wagonjwa wa magoti wanapandishwa ngazi! Chini, mkabala na mlango mkubwa, kuna stoo ya mafaili. Mafaili hayaumwi magoti. Yapandishwe juu, wagonjwa washushwe chini, kazi ya siku moja.

Nanyi, kila mnapoandika tiba mpya wekeni kando yake mambo matatu: bei yake, imejaribiwa kwa watu wangapi, na hali zao baada ya mwaka. Muanze na hiyo ya Jumapili. Dada yuko tayari kuhojiwa. Mwandishi wenu avuke na pantoni ya asubuhi siku yoyote isipokuwa Ijumaa, atamkuta nyumbani.

Mwalimu mstaafu,
Ngamiani, Tanga