Mfuko wa kilo 15 umeisha siku 12, mwizi nimekuwa mimi

Juzi kaja mteja hapa dukani Fuoni kafura kweli, mfuko mtupu wa chakula cha mbwa kaukunja kwapani, hata salamu hakumaliza. Weye umenipunja, kilo 15 gani hizi hazifiki wiki mbili! Nikamwambia kaa kwanza bwana, unywe maji. Mifuko mimi siifungui, inakuja imeshonwa, na lawama hii kila mwezi naipata.

Nikamuuliza mnapima na nini? Hajui, anajua kijana wa shamba. Tukampigia. Kijana anasema kopo la maziwa ya unga, lile kubwa, moja asubuhi moja jioni, mbwa wawili wanagawana. Basi nikatoa kopo kama lile, nikalijaza mbele yake, nikamwaga kwenye mizani. Gramu 620. Mara mbili ni 1,240 kwa siku, haya kilo 15 gawa mwenyewe, siku 12 hizo. Akanyamaza.

Sasa wangekula kiasi gani? Mkubwa wake ana kilo 28, yule wa kienyeji 18. Hesabu tunayotumia ni hii, simu yako inaweza: 28 mara 28 mara 28, bonyeza kipeuo cha pili (ile alama ya mzizi) mara mbili, utapata 12 na kitu. Zidisha kwa 70, inakuja kama 852, hizo ni kilokalori za mbwa aliyelala tu. Mbwa mzima wa kulinda geti tunazidisha tena kwa 1.6, ikawa 1,363. Mfuko tunaouza umeandikwa kilokalori 3,500 kwa kilo, kwa hiyo anataka gramu 390 kwa siku, mwenzake 280. Jumla 670, mfuko unakwenda siku 22. Huo mwezi mzima anaoambiwa na watu kuwa mfuko unakaa, labda wa mwenye mbwa mmoja mkubwa.

Na hapo ni pa kuanzia tu. Mtoto wa mbwa anakula zaidi kwa uzito wake, tena mara tatu kwa siku, anayenyonyesha ndio usiseme. Wengine wote wiki mbili tatu unamtazama halafu unapunguza au unaongeza.

Kumtazama vipi? Wengi wenu mbwa hamumgusi, nafahamu, mate yake najisi na kukosha mara saba, moja kwa udongo, si kazi ya kila asubuhi. Msimamie kwa juu, kiuno kiwe kimeingia, akiwa kama gogo la mnazi kazidi. Mbavu ukizihesabu toka getini kapungua. Uzito, anayemhudumia ambebe apande nae mizani, kisha atoe uzito wake mwenyewe. Asiyeweza tunakuja sisi, na tunatoza, nauli na muda wangu si sadaka.

Sasa njia ya mkato. Mtu akiona mfuko ghali (na ghali kweli, meli, makuli, gari mpaka hapa, vyote nalipa mimi) anachanganya na kiporo. Wali mweupe kidogo sina neno nao, ila nao una kalori, ukiutia upunguze cha mfuko, watu hawapunguzi. Balaa ni pilau. Kuna nyumba moja ya wageni Jambiani mpishi alikuwa anamwaga sufuria lote la jana kwa mbwa, pilau na rojo lake, vitunguu maji, thomu, mifupa ya kuku. Kitunguu na thomu vinaua chembe nyekundu za damu ya mbwa, hata vikipikwa. Yule mbwa kawa hanyanyuki, fizi nyeupe kama karatasi. Alipona, lakini bili ya daktari ingenunua mifuko mingi tu, na mwenye nyumba bado alinidai mimi maelezo, eti chakula changu!

Mwengine Paje aliweka bakuli limejaa toka asubuhi mpaka magharibi, mbwa ale anapotaka. Mbwa akazidi kukonda na chakula kinaisha. Nilikwenda, nikakaa barazani nusu saa tu. Kuku wanne, paka, halafu kunguru wakashuka kama wamealikwa harusini. Mpe asubuhi na jioni, dakika 20, kinachobaki ondoa. Akila vizuri na bado anakonda muone daktari, pengine minyoo, usije kwangu kuongeza mfuko.

Na mfuko ufunge, masika ukiuacha wazi jikoni unaota ukungu, huo usimpe.

Yule wa juzi nilimkatia kopo dogo, nikapiga mstari wa wino mwekundu kwa mbwa mkubwa na wa buluu kwa mdogo, nikapima na mizani mbele yake, ajaze mpaka mstari wake mara moja kwa mlo mmoja. Akauliza kopo shilingi ngapi. Kopo bure, nikamwambia, mfuko bei ile ile.